Namna ya Kupima Jinsi Kisukari Kinavyobadili Utendaji wa Mishipa ya Damu ya Panya wa Maabara

Mtu anayetaka kujua kisukari kinaufanya nini mshipa wa damu anaweza kupima mambo mengi, lakini njia iliyodumu zaidi katika maabara za fiziolojia na famakolojia ni ya kuutoa mshipa kwa panya aliyekwisha kuugua, kuukata vipande vyenye umbo la pete, kuvitundika ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, na kutazama vinavyokaza na kulegea vinapopewa dawa. Vifaa vyake si vingi, na hatua zake hujifunzwa kwa muda mfupi. Tatizo liko kwenye tafsiri. Pete iliyoshindwa kulegea haielezi imeshindwa kwa sababu gani: huenda kisukari kimeuharibu utando wake wa ndani, na huenda utando huo ulikwanguliwa na kibano chako asubuhi ile ile. Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi anayeanza kazi hii, nao unafuata hatua za jaribio kwa mpangilio wake, ila kila hatua naitazama kwa swali moja: ni wapi madhara ya mikono yanaweza kujifanya madhara ya ugonjwa?

Kabla ya kushika kisu

Ukuta wa aorta, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, una matabaka matatu, na mawili kati yake ndiyo yatakayotushughulisha. Tabaka la ndani kabisa, endothelia, lina unene wa seli moja tu, nalo ndilo linalogusana na damu. Tabaka la kati limejengwa kwa msuli laini, ambao ndio unaokaza na kulegea. Endothelia ikisisimuliwa na asetilkolini hutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayopenya hadi kwenye msuli na kuufanya ulegee. Fenilefrini, kwa upande wake, huufikia msuli moja kwa moja na kuukaza, wakati sodiamu nitroprusaidi hutoa nitriki oksaidi yenyewe bila kuhitaji msaada wa endothelia. Anayeyaelewa mambo haya matatu ameshika nusu ya jaribio.

Nusu nyingine imo katika kisa ambacho kila mwanafunzi wa fani hii angepaswa kukijua. Kwa miaka mingi watafiti walishangaa kwamba asetilkolini, ambayo hushusha shinikizo la damu la mnyama mzima, huukaza mshipa uliotolewa mwilini badala ya kuulegeza. Mwaka 1980, Robert Furchgott na John Zawadzki, waliokuwa wakifanya kazi Brooklyn, New York, walionyesha kwa aorta ya sungura kwamba chanzo cha mkanganyiko huo kilikuwa maandalizi yenyewe. Vipande vilipotengenezwa, uso wa ndani ulisuguliwa na endothelia ikatoka. Ulipohifadhiwa, asetilkolini ililegeza. Kitu kilichokuwa kikitolewa na endothelia kilitambuliwa mwaka 1987 kuwa ni nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walishirikiana Tuzo ya Nobel ya tiba. Ikiwa mabingwa waliifuta endothelia kwa miaka bila kujua, wewe na mimi hatuna sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Kumchagua mnyama

Kiswahili hutumia neno moja, panya, kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa: panya mkubwa, Rattus norvegicus, na panya mdogo, Mus musculus. Katika daftari lako na katika ripoti yako andika jina la kisayansi pamoja na ukoo wa mnyama, kwa mfano Wistar au Sprague-Dawley, kwa sababu dozi ya mmoja haifai kwa mwingine.

Uamuzi mkubwa zaidi ni aina ya kisukari unachotaka kukichunguza. Njia ya kawaida ni kuziua seli beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, kwa kemikali iitwayo streptozotosini, na mnyama anayepatikana hukosa insulini, jambo linalomfanya afanane zaidi na mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza. Aloksani, ambayo uwezo wake wa kuleta kisukari ulielezwa mwaka 1943, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ingawa matokeo yake hayatabiriki vizuri. Mtafiti anayetaka mfano wa aina ya pili huchukua wanyama wenye kasoro ya kurithi, kama vile panya wadogo wa ukoo wa db/db, panya wakubwa wa Zucker wenye unene, au panya wa Goto-Kakizaki, ambao wana kisukari bila kuwa wanene. Haifai kumchoma panya streptozotosini peke yake kisha kuandika katika utangulizi wa ripoti kuhusu unene na ulaji wa watu wa mijini. Mnyama huyo amekonda, na hoja za utangulizi hazimhusu.

Idhini ya kamati ya maadili hutangulia yote haya. Kanuni tatu ambazo William Russell na Rex Burch walizieleza mwaka 1959, yaani kumbadilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi yake, na kuboresha hali yake, zina maana ya vitendo hapa: aorta moja ya panya mkubwa hutoa pete kadhaa, na mnyama huyo huyo anaweza kutoa mishipa ya utumbo, figo na moyo kwa wenzako, mradi mmepatana mapema.

Kuanzisha kisukari

Kwa panya wakubwa, dozi inayotumika sana ni sindano moja ya streptozotosini ya miligramu 45 hadi 65 kwa kila kilo ya uzito, kupitia mshipa wa mkia au ndani ya tumbo. Kwa panya wadogo, watafiti wengi hupendelea dozi ndogo za miligramu 40 hadi 50 kwa kilo, kwa siku 5 mfululizo. Kemikali hii huingia kwenye seli beta kupitia mlango wa glukosi uitwao GLUT2, na humo ndani huharibu DNA. Huharibika haraka ikishayeyushwa, kwa hiyo iyeyushe katika bafa ya sitreti baridi yenye pH ya 4.5, ikinge na mwanga, na uitumie ndani ya dakika chache. Usitengeneze myeyusho wa wanyama ishirini kisha ukaanza kumpima mmoja mmoja uzito. Kumbuka pia kwamba ni kemikali inayoweza kusababisha saratani. Vaa glavu, na yachukulie matandiko ya wanyama waliochomwa kuwa ni taka hatarishi.

Seli beta zinapokufa humwaga insulini iliyokuwa ndani yake, na katika saa 24 za mwanzo sukari ya mnyama inaweza kushuka kiasi cha kumuua. Mpe maji yenye sukari ya asilimia 5 hadi 10 usiku wa kwanza. Baada ya saa 72 pima sukari kwa tone la damu ya mkia. Watafiti wengi humhesabu mnyama kuwa na kisukari akivuka milimoli 13.9 kwa lita (miligramu 250 kwa desilita), na wengine huweka mpaka kwenye 16.7, chagua mpaka wako kabla ya kuanza, uuandike, na usiusogeze baadaye. Glukomita nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu huacha kuonyesha namba zikivuka milimoli 33.3, na wanyama hawa huweza kufika huko, basi zimua sampuli au tumia kipimo cha maabara badala ya kuandika kwamba sukari ilikuwa "juu".

Kundi la kulinganisha lisiwe la wanyama ambao hawakuguswa. Wanyama wake wawe na umri na jinsia ile ile, na wachomwe bafa ya sitreti bila dawa. Panya wa kike hustahimili streptozotosini kuliko wa kiume, kwa hiyo kuchanganya jinsia bila mpango kutakuletea makundi yasiyolingana. Ukiweza, ongeza kundi la tatu la wanyama wenye kisukari wanaotibiwa kwa insulini. Kundi hili hugharimu muda, lakini ndilo linaloweza kujibu pingamizi kwamba umepima sumu ya streptozotosini na si kisukari: kasoro ikirekebishika kwa insulini, kemikali yenyewe haiwezi kuwa maelezo kamili.

Swali la muda huwachanganya wengi. Wiki moja au mbili baada ya sindano, pete za aorta zinaweza kulegea sawa na za wanyama wasio na kisukari, na imewahi kuripotiwa kwamba hulegea hata zaidi. Kufikia wiki ya 8 upungufu huwa umejitokeza kwa kawaida. Kwa hiyo ripoti mbili zinazopingana huenda zote ni za kweli, tofauti ikiwa ni tarehe tu. Katika muda huo wote wanyama hunywa na kukojoa kupita kiasi, hukonda, na huhitaji kubadilishiwa matandiko kila siku. Asiyeweza kuwatunza kwa wiki 8 asianze.

Kuutoa mshipa

Mnyama akishalazwa kwa dawa ya usingizi na kuuawa kwa njia iliyoidhinishwa, fungua kifua, inyanyue aorta ya kifuani pamoja na mafuta yanayoizunguka, uikate, kisha uizamishe mara moja katika maji ya chumvi yaitwayo myeyusho wa Krebs (mapishi yake yako hapa chini) yaliyo baridi. Safisha mafuta chini ya darubini. Shika mafuta na tishu za nje tu; usiushike mshipa wenyewe, usiuvute, na usiingize ncha ya kibano ndani yake kwa nguvu. Damu ikiganda ndani, iondoe kwa kusukuma myeyusho taratibu. Baada ya hapo kata pete zenye upana wa milimita 2 hadi 4 kwa wembe mpya. Mkasi butu huminya, na panapominywa endothelia haibaki.

Katika kila mnyama, chukua pete moja uifute endothelia kwa makusudi kwa kuizungusha kwenye waya au uzi wa pamba. Pete hiyo ndiyo itakayokuonyesha mshipa usio na endothelia unafananaje siku hiyo, na kwa dawa hizo hizo.

Myeyusho na bafu

Myeyusho wa Krebs-Henseleit una, kwa milimoli kwa lita, sodiamu kloraidi 118, potasiamu kloraidi 4.7, kalsiamu kloraidi 2.5, magnesiamu salfeti 1.2, potasiamu fosfeti 1.2, sodiamu baikaboneti 25 na, katika mapishi mengi, glukosi 11. Pitisha gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5 kabla ya kuongeza kalsiamu, la sivyo myeyusho utageuka kuwa na unga mweupe. Joto liwe nyuzi 37 na pH iwe 7.4.

Hiyo glukosi 11 inastahili kufikiriwa. Kwa panya mzima, ni karibu mara mbili ya sukari aliyokuwa nayo mwilini. Kwa panya mwenye kisukari, inaweza kuwa nusu yake au pungufu. Unaweza kutumia 5.5 kwa makundi yote au ukabaki na 11 kwa makundi yote, ila usibadilishe katikati ya utafiti, na uandike uliyotumia. Anayetaka kuchunguza athari ya sukari nyingi ndani ya bafu lenyewe, yaani chombo cha myeyusho pete inamotundikwa, kwa mfano milimoli 44 kwa saa kadhaa, lazima awe na pete nyingine zilizowekewa manitoli, sukari ambayo seli haziitumii, ya kiasi kile kile, ili ijulikane kama kilichoathiri mshipa ni glukosi yenyewe au ni wingi tu wa chembe zilizoyeyuka katika myeyusho.

Tundika kila pete kwenye ndoano mbili, moja ikiwa imefungwa chini na nyingine ikiunganishwa na kipima nguvu. Aorta ya panya mkubwa huwekewa mkazo wa mwanzo wa gramu 1.5 hadi 2. Iache itulie kwa dakika 60 hadi 90, ukibadilisha myeyusho kila baada ya dakika 15 na kurekebisha mkazo.

Kukaza na kulegeza

Anza kwa potasiamu kloraidi ya milimoli 60 hadi 80, inayoukaza msuli bila kupitia vipokezi vya fenilefrini. Jibu lake linakuambia kama msuli uko hai na litatumika baadaye kama kipimo cha kulinganishia. Osha, subiri, kisha kaza kwa fenilefrini. Hapa ndipo makosa ya kimyakimya yanapoingia. Mshipa uliokazwa sana hulegea kwa asilimia ndogo kuliko uliokazwa kidogo, hata kama una afya njema. Ukiwapa wanyama wote fenilefrini ya kiasi kimoja wakati pete za kisukari zinakazwa nayo zaidi, utaona upungufu wa ulegeaji ambao haupo. Chagua kwa kila pete kiasi kinachoifikisha kwenye kiwango kinachokaribiana, tuseme asilimia 60 hadi 80 ya jibu la potasiamu, na uripoti viwango hivyo kwa kila kundi.

Mkazo ukishatulia, ongeza asetilkolini hatua kwa hatua, kutoka nanomoli 1 hadi maikromoli 10 kwa lita, ukisubiri kila hatua ifike mwisho wake. Osha, kaza tena, na urudie kwa sodiamu nitroprusaidi, ambayo chombo chake kifungwe kwa karatasi ya alumini kwa kuwa mwanga huiharibu.

Usomaji wa kwanza ni huu. Ikiwa pete za kisukari zinalegea kidogo kwa asetilkolini lakini zinalegea sawa na za kundi la kulinganisha kwa nitroprusaidi, msuli unaweza kuitikia nitriki oksaidi, na kasoro iko kwenye endothelia au kwenye safari kutoka endothelia hadi msuli. Zikishindwa kwa zote mbili, msuli wenyewe una kasoro. Kuhusu ukazaji, usishangae ukipata tofauti na wenzako: katika wanyama wa streptozotosini umeripotiwa kuongezeka, kupungua, na kubaki vile vile, kutegemea muda wa ugonjwa, mshipa, na namna hesabu ilivyofanywa. Mnyama aliyekonda ana aorta nyembamba, hivyo gramu peke yake hazilinganishi kitu. Gawanya kwa uzito wa pete au kwa jibu la potasiamu.

Nataka nikae kidogo kwenye mtego mmoja. Maabara nyingi zina desturi ya kuitupa pete ambayo asetilkolini haikuilegeza kwa asilimia 80, kwa madai kwamba endothelia yake imeharibika wakati wa maandalizi. Kwa mishipa ya wanyama wazima desturi hii ina mantiki. Kwa mishipa ya wanyama wenye kisukari, inatupa ugonjwa wenyewe na kubakiza pete zilizoathirika kidogo. Ukiiacha kabisa desturi hiyo, unaruhusu pete zilizokwanguliwa zihesabiwe kuwa za kisukari. Njia ninayoipendelea ni ya anayekata pete kutojua mnyama ametoka kundi lipi, kutokutupa pete yoyote kwa kigezo cha asetilkolini, na kuzipaka pete baadhi nitrati ya fedha baada ya jaribio ili mipaka ya seli za endothelia ionekane kwa darubini. Pete yenye endothelia kamili isiyolegea ndiyo ushahidi unaoutafuta. Kuficha kundi si rahisi, maana panya mwenye kisukari hutambulika kwa kumtazama tu, kwa hiyo mtu mmoja atoe aorta na mwingine, asiyemwona mnyama, azisafishe na kuzikata.

Kutafuta sababu

Sukari nyingi huzifanya seli zizalishe chembe ya oksijeni iitwayo supaoksaidi, kutoka kwenye mitokondria na kutoka kwenye kimeng'enya cha NADPH oksidesi, ambacho huchochewa na kimeng'enya kingine, protini kinesi C. Supaoksaidi huikamata nitriki oksaidi kabla haijafika kwenye msuli, na zao lao, peroksinitraiti, huiharibu tetrahaidrobiopterini, msaidizi ambaye bila yeye kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi huanza kutengeneza supaoksaidi badala yake. Kiwanda cha dawa kinageuka kiwanda cha sumu, na kipimo cha kuhesabu protini peke yake hakitaligundua hilo, kwa sababu kimeng'enya kipo na huenda kimeongezeka.

Ndiyo maana vizuizi hutumika. L-NAME ya maikromoli 100 kwa lita, ikiachwa kwa dakika 30, huzuia utengenezaji wa nitriki oksaidi. Tofauti kati ya ulegeaji wa kabla na wa baada yake ndiyo sehemu ya nitriki oksaidi. Indomethasini ya maikromoli 10 huzuia utengenezaji wa prostanoidi, kemikali za mshipa ambazo baadhi yake huukaza. Ikiwa inaboresha ulegeaji wa pete ya kisukari, endothelia hiyo ilikuwa ikitoa pia vitu vya kukaza. Kimeng'enya cha supaoksaidi dismutesi, ambacho huiondoa supaoksaidi, kikiurudisha ulegeaji, una sababu ya kuishuku supaoksaidi. Tumia kizuizi kimoja kwa pete moja na uwe na pete ya pembeni isiyo na kizuizi, kwa kuwa pete huchoka kadiri saa zinavyopita.

Aorta ni mfereji mkubwa, na mishipa inayoamua shinikizo la damu ni midogo. Kwa mishipa ya utumbo yenye kipenyo cha maikromita mia chache, tumia mayografu ya waya, kifaa cha kupima nguvu ya mishipa midogo, iliyobuniwa na watafiti Mulvany na Halpern katika miaka ya 1970. Huko utakuta kwamba sehemu kubwa ya ulegeaji hubaki hata baada ya L-NAME na indomethasini pamoja, kwa sababu endothelia hutumia njia nyingine ya kubadili umeme wa utando wa msuli kupitia vijia vya potasiamu, na njia hiyo pia hudhoofika kwa kisukari. Aliyepima aorta peke yake hawezi kuiona.

Hesabu na uandishi

Idadi ya sampuli ni idadi ya wanyama. Pete nne za panya mmoja ni panya mmoja, na kuzihesabu kuwa nne ni kosa linalofanya tofauti ndogo ionekane kubwa. Tafuta wastani wa pete za mnyama mmoja kwanza, kisha linganisha wanyama. Chora mkunjo wa dozi na jibu kwa kila mnyama, utoe ulegeaji wa juu kabisa na kiasi cha dawa kinacholeta nusu yake. Vipimo hivi viwili husema mambo tofauti, maana mshipa unaweza kufika mwisho ule ule huku ukihitaji asetilkolini mara kumi zaidi. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020, unaorodhesha mambo ya kuripoti kuhusu wanyama.

Pamoja na asilimia za ulegeaji, weka jedwali lenye uzito wa mwili, sukari ya siku ya mwisho, uzito wa pete, mkazo wa potasiamu na mkazo wa fenilefrini kwa kila kundi, na taja idadi ya pete ulizozitupa pamoja na kundi zilikotoka. Mimi huanza kusoma ripoti za aina hii kwenye jedwali hilo, na likikosekana huwa sifiki kwenye michoro.